Umepiga Mswaki, Lakini Saa Ngapi?

Swali linalorudi mara nyingi kuliko yote kutoka kwa wasomaji wa Mwanza, Sengerema, Ukerewe na Musoma ni lile lile, hata likibadilishwa maneno: napiga mswaki kila siku ya Mungu, mbona meno yananitoboka na fizi zinatoa damu? Anayeuliza hivyo kwa kawaida anasema kweli. Huamka, hutia dawa ya meno kwenye mswaki, husugua, husukutua, kisha ndipo huketi kunywa chai. Ndivyo tulivyolelewa: mswaki ni sehemu ya kunawa uso, ni heshima kwa watu utakaosalimiana nao asubuhi. Heshima hiyo ni njema na iendelee. Lakini saa ambayo jino linauhitaji mswaki kuliko saa nyingine yoyote ni usiku, na usiku tunakuwa tumeshapanda kitandani na ladha ya chai mdomoni. Hoja yangu katika ukurasa huu ni hiyo moja. Meno mengi ya kwetu yanaharibika kwa sababu ya saa, na mtu akizipanga upya saa zake za kula vitamu na za kupiga mswaki, anaweza kuyaokoa bila kuingia gharama kubwa.

Nusu saa baada ya kila kitu kitamu

Kila kinywa kina vijidudu, hata cha mtu msafi kupindukia. Hukaa kwenye ukoga, ule utando laini unaousikia kwa ulimi unapoamka. Vikipata sukari huigeuza kuwa tindikali, na tindikali huyeyusha kidogo kidogo madini ya gamba gumu la jino. Mate ndiyo mlinzi: husuuza tindikali ile na kulirudishia jino madini yake. Ila kazi hiyo huchukua muda, takribani nusu saa baada ya funda la mwisho, wakati mwingine zaidi. Jino hutoboka pale ambapo muda wa kuyeyushwa unazidi muda wa kupona, siku baada ya siku, kwa miezi na miaka.

Sasa wachukue wafanyabiashara wawili pale mwaloni Kirumba, Mwanza. Wa kwanza anakunywa soda yake yote pamoja na wali na samaki saa saba mchana, basi. Wa pili anafungua soda kama hiyo saa nne, anaiweka pembeni ya meza ya dagaa, na kila mteja akiondoka anapiga funda moja, mpaka saa saba. Wamekunywa sukari sawasawa, takribani gramu 35 katika chupa ya mililita 350, yaani karibu vijiko 9 vya chai. Lakini meno ya wa kwanza yamekaa kwenye tindikali kwa muda usiofika hata saa moja, na ya wa pili kwa zaidi ya saa tatu, kwa sababu kila funda lilianzisha nusu saa mpya kabla ile ya kwanza haijaisha. Huyu wa pili ndiye atakayesema meno yake ni dhaifu kwa kurithi.

Haya hayakubuniwa mezani. Kati ya miaka ya 1940 na 1950 huko Sweden, katika hospitali ya Vipeholm karibu na mji wa Lund, watafiti waliwapa wagonjwa wenye ulemavu wa akili sukari kwa njia mbalimbali na kuhesabu meno yaliyooza. Lilikuwa jambo baya kuwatendea watu wasioweza kukubali wala kukataa, na leo lisingeruhusiwa. Matokeo yake, hata hivyo, hayajapinduliwa: waliopata sukari pamoja na mlo walioza meno kidogo tu, na waliopewa pipi za kunata kati ya mlo na mlo walioza meno vibaya sana.

Hapo msomaji atauliza kama anatakiwa kuacha sukari kabisa. Kuipunguza ni vizuri, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Lakini ukishindwa kuipunguza leo, anza kwa kuikusanya:

- Kitamu kiliwe au kinywewe pamoja na mlo, kiishe. Chai ya vijiko vitatu pamoja na chapati ina madhara madogo kuliko chai hiyo hiyo ikibebwa kwenye chupa na kunywewa kidogo kidogo hadi adhuhuri.
- Kati ya mlo na mlo kunywa maji. Ukisikia njaa, tafuna karanga, yai la kuchemsha, tango au kipande cha samaki.
- Matobolwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni chakula kizuri cha Usukumani, lakini matobolwa hunata kwenye mifereji ya magego na kukaa humo. Yale kwenye mlo, kisha sukutua kwa maji. Kuyamung'unya njiani mchana kutwa ndiko kunakoharibu.
- Muwa hausafishi meno kama wengi wanavyoamini. Nyuzi zake husugua kidogo, lakini maji yake ni sukari tupu, na muwa mmoja huweza kutafunwa saa nzima.
- Baada ya ukwaju, chungwa, limau au soda, subiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Gamba la jino linakuwa limelainika, na mswaki utaling'oa badala ya kulisafisha.

Mswaki wa usiku

Ukilala, mate hupungua sana. Ndiyo maana mdomo huwa mkavu alfajiri. Mlinzi akilala, vijidudu hufanya kazi saa saba au nane mfululizo na kila punje ya sukari iliyobaki. Kwa hiyo, kama una nguvu ya kupiga mswaki mara moja tu kwa siku, upige usiku, uwe kitu cha mwisho kugusa meno yako. Ukiweza mara mbili, ambayo ndiyo kanuni, ongeza na asubuhi. Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu. Kikombe cha maziwa yenye sukari "cha kuletea usingizi" kinafuta kazi yote.

Wavuvi wa dagaa watasema usiku ndiyo kazi yao, na ni kweli. Taa zinawashwa majini giza likiingia, na kinachomweka mtu macho ni chai tamu ya chupa, au vile vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vina sukari na tindikali kwa pamoja. Kanuni haibadiliki: hesabu usingizi wako mrefu, si jua. Chai ya mtumbwini inywewe pamoja na chakula, si kila baada ya kuvuta nyavu, na kati yake yanywewe maji salama mliyotoka nayo nchi kavu. Kisha ukirudi mwaloni asubuhi, dagaa wakishaanikwa na kabla hujajinyoosha, piga mswaki. Hata mlinzi wa getini na muuguzi wa zamu ya usiku wafuate hivyo hivyo.

Mkono ufanye nini

Makosa ya mkono ni machache na yanafanana. Watu husugua kwa nguvu, tena kwa kwenda na kurudi kama wanaofua kola ya shati, wakamaliza kwa sekunde ishirini, wakaacha magego ya nyuma na upande wa ndani ambako ulimi hugusa. Kisha hujaza maji mdomoni mara tatu na kuitema dawa yote. Jaribu hivi:

1. Nunua mswaki laini. Mgumu hukwangua fizi na kuchimba shina la jino. Nywele zake zikitawanyika, au miezi mitatu ikipita, ubadilishe. Kila mtu awe na wake.
2. Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Soma boksi: kwa mtu mzima itafutwe yenye kipimo cha ppm 1,000 hadi 1,500.
3. Uinamishe mswaki uelekee pale jino linapokutana na ufizi. Zungusha taratibu, meno mawili matatu kwa wakati mmoja, nje, ndani, kisha juu ya magego.
4. Endelea dakika mbili. Ni ndefu kuliko unavyodhani. Tazama saa mara moja tu utajua.
5. Tema povu, usisukutue kwa maji. Floraidi inayobaki ndiyo inayoganda kwenye gamba na kulifanya ligome kuyeyuka. Wengi huona kinyaa siku mbili za kwanza, halafu huzoea.

Kwa mwiba wa sato au nyuzi za nyama zilizokwama, tumia uzi wa meno, upitishwe taratibu ukikumbatia jino. Pini, njiti ya kiberiti na wembe huchana ufizi na kuacha jeraha ambalo vijidudu huingilia.

Babu zetu hawakuwa na dawa ya meno

Pingamizi hili nalipokea kwa heshima, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mswaki wa mti, ukitafunwa ncha mpaka ukawa kama brashi, husafisha ukoga vizuri ukitumiwa kwa makini, na Shirika la Afya Duniani limeunga mkono utumike pale ambapo ndiyo desturi. Aliye kisiwani bila duka la karibu asione haya kuutumia. Lakini babu yule hakunywa chai ya vijiko vitatu mara nne kwa siku, wala soda, wala hakuwa na biskuti mfukoni. Meno yake hayakushambuliwa kama yetu. Ukila kama mtu wa leo, jilinde kama mtu wa leo: mswaki wa mti ni sawa, na dawa yenye floraidi iongezwe juu yake.

Mkaa uliosagwa na mchanga ni jambo tofauti. Hung'arisha kwa sababu hukwangua gamba la jino, na gamba hilo likishaisha halioti tena. Meno yatameta mwezi mmoja, kisha yatakuwa ya manjano zaidi, kwani tabaka la ndani lina rangi hiyo, tena yataanza kuuma kwa maji baridi. Chumvi haina ubaya huo ikiyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu kusukutulia kidonda, lakini haizuii jino kutoboka.

Fizi zinatoa damu, niache kusugua?

Hapana. Hili ndilo kosa ninalotamani lifutike kuliko mengine yote, maana linaonekana la busara. Mtu anaona damu kwenye mswaki, anahofia, anaruka sehemu ile. Ukoga unazidi, ufizi unavimba, damu inaongezeka, naye anapata uthibitisho kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, waache kusafisha meno kabisa. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zilipona kwa takribani wiki moja. Damu ile, basi, mara nyingi ni ishara ya mahali palipoachwa, na dawa yake ni kupasafisha papo hapo, kwa ulaini, kila siku.

Jipe siku 14. Damu isipokoma, kuna uwezekano ukoga umeshaganda kuwa ugaga, ule ukoko mgumu unaotokea hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ugaga hautoki kwa mswaki wala kwa kisu. Lazima ukwanguliwe hospitalini. Si kweli kwamba kukwangua hulegeza meno. Meno hulegea kwa sababu ufizi na mfupa vimeliwa chini ya ugaga, na huo ukiondolewa unagundua ulegevu uliokuwepo tayari. Damu inayoendelea iambatane pia na maswali mengine: unavuta sigara au kuweka tumbaku mdomoni? Umepima kisukari? Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na fizi mbovu nazo hukifanya kigumu kudhibiti.

Kwa mama mjamzito: fizi zitavimba kirahisi zaidi kwa sababu ya mabadiliko ya mwili, kwa hiyo ongeza umakini. Usemi kwamba kila mimba huchukua jino si kweli. Mtoto tumboni hachoti madini kwenye meno ya mama yake.

Mtoto wako, na jino ambalo hujui lipo

Mzazi, fanya jambo hili leo. Mpakate mtoto, kichwa chake kikiegemea kifua chako, inua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba na utazame kwenye mwanga. Tafuta mstari mweupe usiong'aa, kama chokaa, pembezoni mwa ufizi. Huo ndio mwanzo wa kuoza, kabla ya shimo, na katika hatua hiyo jino bado linaweza kupona kwa mswaki na dawa yenye floraidi na kwa kuacha chupa ya uji au maziwa matamu ya kulalia. Likishakuwa la kahawia na kuchimbika, hatua hiyo imepita.

Anza mswaki jino la kwanza linapochomoza. Kwa aliye chini ya miaka mitatu, dawa iwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia mitatu hadi sita, punje ya njegere. Mtoto hawezi kujisafisha vizuri mwenyewe mpaka afike miaka saba au minane, kwa hiyo msaidie hata akikataa. Dawa za maji za kikohozi na homa mara nyingi zina sukari. Mtoto apewe kabla ya mswaki wa usiku.

Wengi husema meno ya utoto yatang'oka tu, ya nini kuhangaika nayo. Yapo 20, na magego yake hukaa mpaka mtoto anapofika miaka kumi na zaidi. Jino bovu humnyima usingizi na chakula, na usaha wake unaweza kuliharibu jino la kudumu linaloumbika chini yake. Kuna na mtego mwingine: karibu na miaka sita, gego la kudumu huota nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi huliona wakadhani ni la utoto. Likiharibika akiwa na miaka minane, halina mbadala.

Na hili nalisema bila kulainisha maneno. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi za mtoto mchanga vinavyoitwa meno ya plastiki, au ya nailoni, ni machonge yanayoumbika. Hayaleti kuharisha wala homa. Anayeyatoboa kwa kisu au spoku ya baiskeli anaweza kumtia mtoto pepopunda na kumtoa damu nyingi, na mara nyingi huharibu chonge la kudumu. Mtoto anayeharisha anahitaji maji yenye chumvichumvi za ORS, zinki na kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Maji, magadi na meno ya kahawia

Baada ya kusifu floraidi, wapo watakaoniuliza: si hiyo hiyo inayofanya meno ya watu yawe ya kahawia? Ndiyo, na tofauti ni kipimo na umri. Ikimezwa kwa wingi miaka ile meno yanapoumbika, takribani kabla ya kutimiza miaka minane, huacha madoa na gamba linalomeguka. Ikipakwa juu ya jino lililokwisha ota, hulikinga. Maji ya ziwa yana floraidi kidogo. Visima virefu vya baadhi ya maeneo ya Shinyanga, Simiyu, Singida na Arusha vina nyingi, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Penye bomba la maji ya ziwa na kisima kirefu kwa pamoja, maji ya kunywa ya watoto yatoke bombani, yachemshwe.

Magadi ya kulainishia maharage na mlenda nayo huweza kuwa na floraidi nyingi sana. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi. Na kama tayari una madoa ya kahawia ya tangu utotoni, usiyasugue kwa mkaa. Hayo si uchafu, yamo ndani ya gamba.

Likishatoboka

Kwetu neno "hospitali ya meno" limekuwa sawa na kung'oa, kwa sababu tunakwenda siku ya maumivu, wakati ambapo mara nyingi kung'oa ndiko kumebaki. Nenda wakati jino linashtuka kwa maji baridi au nyuzi za nyama zinapoanza kukwama mahali pamoja. Hapo sema wazi: naomba lizibwe. Kama mashine ya kutobolea haipo au umeme umekatika, uliza kuhusu kuziba kwa vifaa vya mkono. Njia hiyo ilizaliwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika kazi ya Jo Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sehemu iliyooza hukwanguliwa kwa mkono, shimo likazibwa kwa dawa inayoshikamana na jino na kutoa floraidi, mara nyingi bila sindano. Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa ulimwengu mzima tarehe 7 Aprili 1994. Inafaa sana kwa zahanati za visiwani.

Usijitibu kwa kupakia tumbaku, mafuta ya taa au aspirini iliyosagwa kwenye shimo, vinaunguza ufizi. Vidonge vya amoksilini vya duka la dawa havizibi tundu, na maumivu yakitulia wiki mbili maana yake mara nyingi ni kwamba mshipa wa jino umekufa na ubovu unaendelea kimyakimya. Na jino la juu likilazimika kung'olewa, usiogope uvumi: macho yako hayatapungua kuona.

Dalili chache hazina subira: uvimbe unaopanda kuelekea jichoni au kushuka shingoni, homa, mdomo kushindwa kufunguka, kumeza au kupumua kwa shida. Huo si ugonjwa wa zahanati. Nenda hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando, Mwanza, siku hiyo hiyo, na kama uko kisiwani na feri imeshaondoka, tafuta boti nyingine leo.